Breki za ABS: Kutoka Anasa ya Wachache Hadi Sharti la Sheria

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mtu anayekwenda kununua gari iliyokwishatumika kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei yake, mafuta inayokula, na uzima wa injini. Ni wachache wanaouliza gari hiyo husimama vipi. Hali ya kuwa gari isiyokwenda humkera mwenyewe tu, lakini gari isiyosimama humdhuru kila aliyepo njiani: mtoto anayerudi skuli, mwenye baskeli, mwenye gari ya ng'ombe na abiria wa daladala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walifariki dunia kutokana na ajali za barabarani. Mazungumzo haya yanahusu kifaa kimoja kilichobuniwa kupunguza balaa hilo, namna kilivyoenea katika soko la dunia, na wajibu wa mnunuzi na dereva wa visiwani baada ya kifaa hicho kufika bandarini.

Kazi ya kifaa

ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililojifunga haliviringiki tena, bali hubururika. Mpira unaobururika juu ya lami iliyorowa ni kama kiatu juu ya sakafu yenye sabuni. Gari huendelea kuteleza kule ilikokuwa ikielekea, na usukani hata ukizungushwa hautiiwi.

Katika mfumo huu, kwa kawaida kila gurudumu huwekewa kihisio kinachopima kasi ya mzunguko wake, na habari hizo hupelekwa kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu moja linakaribia kusimama ghafla hali gari yenyewe bado inakwenda, huamuru valvu zipunguze shinikizo la mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, kisha zilirejeshe. Kitendo hicho hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa wepesi ambao mguu wa binadamu hauwezi. Dereva huhisi pedeli ikitetemeka chini ya mguu wake na pengine kusikia mngurumo. Hiyo si dalili ya ubovu. Ni alama kuwa mfumo unafanya kazi yake.

Faida kubwa ya ABS, basi, ni kumwachia dereva uwezo wa kugeuza usukani wakati huo huo anapofunga breki, ili akikwepe kilichopo mbele yake.

Safari ya soko

Fikra ya kifaa hiki ni kongwe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipata hataza ya kifaa cha kuzuia magurudumu kujifunga mwaka 1936. Katika miaka ya 1950 ndege zilianza kutumia mtambo wa Maxaret uliotengenezwa na kampuni ya Dunlop ya Uingereza, na mwaka 1966 mtambo huo ukawekwa katika gari ya Jensen FF. Lakini mitambo hiyo ya awali ilikuwa ya vyuma vitupu, ghali na ya wachache.

Mageuzi yalikuja mwaka 1978, pale Bosch ilipotoa ABS inayoongozwa na elektroniki, ikaanza kuuzwa kwa malipo ya ziada katika Mercedes-Benz S-Class na punde baadaye katika BMW za daraja la juu. Wakati huo mtambo ulikuwa na uzito wa kilo 6.3, na aliyeuweza kuununua ni tajiri. Mwaka 1985 kampuni ya Ford ilitoa gari ya Scorpio barani Ulaya ikiwa na ABS katika kila gari iliyotoka kiwandani, bila ya malipo ya ziada. Mwaka 1988 ikafuata pikipiki ya BMW K100. Kadiri elektroniki zilivyozidi kuwa ndogo, mtambo nao ulipungua, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 uzito wake ulikuwa chini ya kilo 2.

Baada ya ufundi ilikuja sheria. Barani Ulaya, watengenezaji wa magari walikubaliana kwamba kuanzia Julai 2004 kila gari ndogo mpya iwe na ABS. Nchini Marekani, kuanzia Septemba 2011 kila gari mpya ya kawaida ililazimishwa kuwa na mfumo wa kudhibiti mwelekeo wa gari, mfumo ambao umejengwa juu ya ABS na kwa hiyo huja pamoja nayo. Brazil iliifanya ABS kuwa lazima kwa kila gari mpya kuanzia Januari 2014, na India ikafanya vivyo hivyo kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Aprili 2019.

Hapo ndipo ilipo siri ya soko hili. Anasa huuzwa kwa mamia, na sharti la sheria huuzwa kwa mamilioni. Kila nchi kubwa ilipoongezwa katika orodha, viwanda vilitengeneza zaidi, na gharama ya kila mtambo ikashuka. Kazi hiyo inahitaji mitaji mikubwa na majaribio ya miaka mingi, na kwa sababu hiyo imebaki mikononi mwa makampuni machache, miongoni mwao Bosch na ZF za Ujerumani, na ADVICS ya Japani iliyoundwa mwaka 2001. Aidha, mtambo uliokuwa ukisimama peke yake sasa ni msingi wa mifumo mengine: ule wa kudhibiti mwelekeo, ule wa kufunga breki wenyewe pale kizuizi kinapoonekana mbele, na ule wa magari ya umeme unaogawa kazi baina ya breki za kawaida na mota inayorejesha nguvu kwenye betri. Vihisio vya magurudumu vikiharibika, mifumo yote hiyo hupungukiwa.

Kinachofika visiwani

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoonekana katika barabara za Unguja na Pemba yametumika kwanza Japani. Sababu zake zinajulikana. Japani, kama huku, magari hupita upande wa kushoto. Aidha, sheria ya nchi hiyo huitaka gari ndogo mpya ikaguliwe baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi huwafanya wenye magari wengi wayauze yangali na maisha mbele yake. Kwa kuwa katika miaka ya 1990 viwanda vya Japani vilianza kuiweka ABS hata katika magari ya kawaida, magari mengi yanayoshushwa bandarini yamekuwa nayo. Mnunuzi huipata bila ya kuiomba, na mara nyingi bila ya kuijua.

Kwa hivyo soko limekwisha kufanya kazi yake. Lakini inafaa ieleweke kwamba gari kuja na ABS ni jambo moja, na ABS hiyo kuwa nzima ni jambo jengine. Hewa ya bahari hula vyuma na viungio vya nyaya. Vumbi na matope hukifunika kihisio. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu uliomo hewani, na yakishanyonya huchemka kwa urahisi na kuozesha valvu kutoka ndani. Taa ya tahadhari yenye herufi ABS inapowaka, breki za kawaida kwa kawaida huendelea kufanya kazi, na kwa sababu hiyo wapo wanaoipuuza. Wapo na wabaya zaidi, ambao huchomoa fyuzi au huiondoa taa yenyewe ili gari iuzike. Mnunuzi wa gari hiyo hulipia kinga asiyoipata, na huja kuijua hasara yake siku ya mvua, penye kona.

Kinga isigeuzwe kiburi

Ushahidi wa nchi nyengine unaonesha kuwa kifaa peke yake hakitoshi. Katika miaka ya 1980 uchunguzi ulifanywa mjini Munich, Ujerumani, katika kundi la teksi ambazo baadhi yake zilikuwa na ABS na nyengine hazikuwa nayo. Teksi zenye ABS hazikupungukiwa na ajali kwa kiasi kilichotarajiwa, na ilionekana kwamba madereva wake waliendesha kwa ukali zaidi. Nchini Marekani, ripoti ya idara ya usalama barabarani ya mwaka 2009 ilionesha kwamba ABS ilipunguza ajali kwa asilimia 6 katika magari madogo na asilimia 8 katika magari ya mizigo mepesi na mabasi madogo. Lakini katika ajali zinazoua, faida kwa jumla ilikuwa karibu na sifuri. Kinga aliyopewa dereva hulika pale anapoitumia kuongeza mwendo.

Tena kanuni ya maumbile haibadiliki. Mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne. Mpira uliokwisha meno haushiki lami iliyorowa, uwe na ABS au usiwe nayo. Na juu ya mchanga au kifusi, kama zilivyo njia nyingi za kuingilia vijijini, gari yenye ABS huweza kuchukua masafa marefu zaidi kusimama, kwa sababu gurudumu halijichimbii. Katika njia hizo dawa ni kupunguza mwendo mapema.

Pengo la pikipiki

Mahali ambapo soko bado halijamfikia mwananchi wa kawaida ni kwenye pikipiki. Gurudumu la mbele la pikipiki likijifunga, mwendeshaji huanguka, na hana bodi ya kumkinga. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani iliripoti mwaka 2021 kwamba pikipiki zenye ABS zilikuwa na kiwango cha ajali za vifo kilicho chini kwa asilimia 22 kuliko pikipiki za aina zile zile zisizokuwa nayo. Umoja wa Ulaya umeifanya ABS kuwa lazima kwa pikipiki zote mpya zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 125 tangu Januari 2017, na India imefanya hivyo tangu Aprili 2019.

Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zinatoka India na China. Sheria ya nchi inayotengeneza huwalinda wanunuzi wa nchi hiyo, na bidhaa iendayo nje hufuata matakwa ya soko la inakokwenda. Mnunuzi asipoulizia breki, hatoletewa. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na wafanyabiashara, vyama vya waendesha bodaboda na wazee wanaowanunulia vijana wao chombo cha riziki. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika breki huvunja mifupa.

Mambo ya kufuatwa

Mnunuzi wa gari aizungushe swichi kabla ya kuwasha injini na kuitazama taa ya ABS. Taa hiyo hutakiwa iwake, kisha izime punde injini inapowaka. Ikibaki inawaka, mfumo una kasoro. Isipowaka kabisa, imeondolewa au imeungua, na bei ijadiliwe upya au gari iachwe.

Mwenye gari abadilishe mafuta ya breki kila baada ya miaka 2 au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kwa aina iliyoandikwa juu ya kifuniko cha chupa yake. Mafuta ya injini yasitiwe humo hata kwa dharura, kwani huharibu mipira ya ndani ya breki. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya ABS, gari isimamishwe na fundi aitwe.

Dereva wa gari yenye ABS, katika dharura, akanyage breki kwa nguvu zote na aendelee kukanyaga, huku akiielekeza gari kwenye usalama. Mazoea ya zamani ya kukanyaga na kuachia hayahitajiki, na katika gari hizi huongeza masafa ya kusimama. Pedeli ikitetemeka, mguu usiondolewe.

Maafisa wa ununuzi na usafirishaji katika mawizara na mashirika nao wanayo dhamana. Maelezo ya zabuni ya gari au pikipiki ya ofisi yaitaje ABS kwa jina, na gari inapopokelewa taa yake ikaguliwe na kuandikwa katika hati ya makabidhiano. Gari ya Serikali inapopelekwa gereji kwa kasoro ya breki, irudi kasoro hiyo ikiwa imetengenezwa, wala isirudi taa yake ikiwa imezimwa.

Ndugu wananchi, kifaa kilichochukua zaidi ya miaka 40 kutoka kwenye hataza hadi kwenye gari ya tajiri, sasa kimo katika gari ya mwalimu, ya muuguzi na ya muuza samaki. Neema hiyo imeletwa na soko, lakini soko halitii mafuta ya breki wala halishiki usukani. Kutawakali kwa Mwenyezi Mungu ni wajibu, nako huja baada ya ngamia kufungwa. Mwenye gari akague breki zake kabla ya mvua za masika kuanza, wala asingoje zimfundishe.