Morisi Nje ya Geti la Hoteli

Tangazo la likizo ya Morisi unalijua hata kama hujawahi kupanda ndege. Mchanga mweupe, mnazi ulioinama, maharusi wawili, na hakuna binadamu mwingine hata mmoja. Utadhani kisiwa kimefagiliwa watu ili picha ipigwe.

Mimi nasema hivi: anayelipa nauli yote ile kisha akashinda kwenye kiti cha hoteli, amejipunja. Atoke aende Port Louis, sokoni. Atakuta dholl puri, chapati nyembamba yenye dengu zilizosagwa ndani, inatiwa mchuzi wa maharage na achari, inakunjwa, inaliwa papo hapo. Kwenye foleni wamo wenye asili ya Bihar nchini India, ya China na ya Afrika, na wote wanaongea Krioli, lugha iliyojaa Kifaransa katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza tangu 1810 hadi 1968.

Watu hao hawakukutana kwa bahati. Miwa ndiyo iliyowakusanya. Waholanzi walipotia nanga mwaka 1598 hapakuwa na wenyeji, ila ndege kama dodo, ambaye hakumaliza karne iliyofuata. Wafaransa wakaleta watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, na hapa kwetu. Ndiyo, kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipokaribia kufutwa mwaka 1835, mashamba yakatafuta mikono mingine. Kati ya 1834 na 1920 karibu Wahindi nusu milioni walishukia Port Louis kwa kazi ya mkataba.

Kusini-magharibi kuna mlima wa Le Morne, mwamba mtupu uliochomoza kando ya bahari, ambako watumwa watoro walijificha. Watalii wengi huupiga picha wakiwa ndani ya maji. Na ngoma ya sega, iliyozaliwa na watumwa, huchezwa hotelini wakati wa chakula cha usiku, sketi zikipepea. Ravanne, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi, hupashwa moto kwanza ili ikaze, vilevile kama wapigaji wa pwani yetu wafanyavyo. Mgeni kutoka Lindi angeelewa bila kuelezwa.

Hata msitu una kisa chake. Mwaka 1974 kozi wa Morisi waliojulikana kubaki porini walikuwa wanne tu; leo wanaonekana tena, kwa sababu kuna watu waliokaa kulea makinda.

Anayepanga safari, basi, naomba afikirie Februari mosi, sikukuu ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, watu wanapokusanyika Le Morne. Ni msimu wa vimbunga, nakubali. Abebe koti la mvua.