Kuandaa Mazingira ya Kazi kwa Mradi wa Pamoja wa Taa za Ufukwe, Diani na Msambweni

Kasa hutaga usiku kwenye mchanga wa Diani na fukwe nyingine za Kwale, na mayai huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Vifaranga huufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa nyeupe za hoteli na nyumba za ufukweni huwapotosha, wakaishia bustanini au barabarani. Viota vya Diani hulindwa na Diani Turtle Watch, mradi wa Local Ocean Conservation ya Watamu, lakini mlinzi wa kiota hana mamlaka juu ya swichi ya jirani. Taa inayofaa ni ya chini, iliyokingwa isimulike bahari, yenye mwanga wa urefu wa wimbi unaozidi nanomita 560. Mikrokontrola ya bei nafuu kama ESP32 inaweza kuipunguza mwanga na kuizima kwa saa zilizopangwa.

Programu ya taa hiyo ikiandikwa na watu kadhaa, mmoja Ukunda, mwingine Msambweni, kikwazo cha kwanza huwa laptopu zisizolingana. Msimbo unaokubali kwa mmoja hukataa kwa mwenzake kwa sababu matoleo ya maktaba yanatofautiana. PlatformIO, inayofanya kazi ndani ya Visual Studio Code, hutatua hilo kwa faili moja, platformio.ini, inayotaja bodi, jukwaa na kila maktaba. Kutaja maktaba bila namba ya toleo ni uvivu unaolipiwa baadaye. Faili hiyo huhifadhiwa kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na msimbo wenyewe. Nywila ya Wi-Fi hukaa kwenye faili ya pembeni ambayo Git imeagizwa kuipuuza.

Usakinishaji wa kwanza wa PlatformIO hupakua mamia ya megabaiti. Asiyetaka kumaliza bando za kundi zima hupakua mara moja, kisha hunakili folda ya .platformio kwa flashi hadi laptopu nyingine zenye mfumo endeshi uleule.

Kebo ya USB inayounganisha bodi ya ESP32 na kompyuta ndiyo inayopoteza saa nyingi kuliko mambo yote. Nyingi zilizozagaa majumbani ni za kuchaji simu tu, hazina nyaya za data: taa ya bodi inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Kebo ikiwa nzima, hutazamwa chipu ya USB kwenye bodi, CH340 au CP2102, na kiendeshi chake. Kwenye Ubuntu mtumiaji huongezwa kwenye kundi la dialout. Upakiaji ukikwama kwenye neno “Connecting”, kitufe cha BOOT hushikiliwa hadi uanze.

Mikanda ya LED za rangi za WS2812B hufaa kwa majaribio ya mezani, si kwa ufukwe. Rangi yake ya machungwa huchanganywa kwa nyekundu na kijani, na kijani hicho, cha karibu nanomita 520, kasa hukiona vizuri. Ufukweni hufungwa LED halisi ya kaharabu, ya karibu nanomita 590. Mezani pia mwangaza upunguzwe: LED moja ya mkanda huo ikiwa nyeupe kamili huvuta takriban miliampia 60, na mkanda wenye LED 60 hushinda uwezo wa mlango wa USB.

Mazingira huhesabiwa kuwa tayari pale kila mwanachama anapochukua msimbo uleule kutoka Git, kuukusanya (compile) na kuwasha LED moja. Kuanzia hapo kila mtu afanye kazi kwenye tawi lake, na tawi kuu lisipokee msimbo ambao haujajaribiwa kwenye laptopu ya mwenzake.