Mdimu Wako Usife na Jua

Msikilizaji wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, masika bado, na jua la Februari linachoma. Ua umesakafiwa kwa saruji, ukuta nao unarudisha joto hadi usiku. Mdimu wako wa kwenye ndoo utavuka mwezi huu?

Utavuka, ukifunika udongo. Tafuta majani makavu, au makumbi ya nazi. Muuza madafu hakunyimi. Yakatekate, yatandaze yafike unene wa vidole vinne. Acha nafasi kuzunguka shina, lisije likaoza. Funika udongo, unyevu ubaki.

Mwagilia alfajiri au jioni. Usinyunyize juu juu, maana mizizi itabaki juu, na huko ndiko kunakoungua. Mimina polepole mpaka maji yatoke chini. Ndoo haina matundu? Itoboe leo hii. Kesho chomeka kidole. Udongo ukiwa bado na unyevu, subiri. Na tena nasema: funika udongo.

Kama hujapanda, ngoja mvua za Machi. Nunua mche uliobebeshwa, kwani huzaa mapema kuliko wa mbegu. Tazama kovu la kubebeshea kwenye shina, na unapopanda usilifukie.