Mpira Peke Yake Haujengi
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpitimbi, Songea)



Nimeombwa niseme juu ya michezo na amani ya vijana. Wasemaji wengi husema kwamba michezo huleta undugu, wakapigiwa makofi, wakakaa. Mimi nasema mpira peke yake haujengi kitu. Waweza kupatanisha watu, na waweza kuwagombanisha. Kinachojenga ni taratibu tunazouwekea.

Ushahidi ninao, na unanihusu mwenyewe. Wenzangu wa kidato chetu wanakumbuka siku tulipocheza na vijana wa kijiji jirani, tukafungwa kwa penalti dakika za mwisho. Ugomvi ukazuka. Wengine walirusha matusi; mimi nilirusha jiwe. Likampata kijana mmoja juu ya jicho, damu ikamtoka. Nilikuwa na miaka 17.

Nilitegemea viboko, pengine kufukuzwa. Mwalimu wetu wa michezo aliamua vingine. Alinipeleka kwa miguu hadi kwao yule kijana, nikaomba radhi mbele ya baba yake. Kisha muhula mzima sikuruhusiwa kucheza. Kila Jumamosi nilikwenda kijijini kushika kibendera watoto wao walipocheza. Wiki ya kwanza walinizomea. Wiki ya nne waliniita kwa jina langu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kuamua ni kazi ngumu kuliko kulaumu. Siku ya marudiano mwalimu alichanganya timu, nusu wao, nusu sisi, na yule kijana nikapangwa naye upande mmoja.

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma habari za Mathare, mtaa wa watu maskini mjini Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha huko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Timu haikupata pointi kwa ushindi tu. Ikizoa taka na kuzibua mitaro ya mtaani, iliongezewa pointi za ligi. Na mchezaji aliyetolewa nje kwa utovu wa adabu alitakiwa kuchezesha mechi za watoto kabla ya kurudi uwanjani. Nilicheka peke yangu, nikamkumbuka mwalimu wetu.

Yuko pia Tegla Loroupe wa Kenya, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani, ikaandaa mbio zilizowakutanisha Wapokot, Waturkana na Wakaramojong, watu walioibiana ng'ombe kwa bunduki miaka mingi. Wala hakuishia kwenye mbio: taasisi hiyo ilianzisha na shule huko Kapenguria.

Ndugu zangu, uwanja wetu wa Songea unaitwa Majimaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, ambapo makabila mengi yalisimama pamoja. Jina hilo lisiishie ukutani. Vijana wetu wa leo, wana wa wakulima na wana wa wafugaji, watagawana ardhi na maji hii hii. Afadhali wajuane uwanjani kabla hawajakutana barazani.

Miaka michache iliyopita wazee walikuja ofisini kwangu na shauri la mpaka wa mashamba. Kiongozi wao alikuwa na kovu juu ya jicho. Akatabasamu, akasema, "Mshika kibendera, leo usituonee." Shauri lile lilikuwa gumu, lakini tulilizungumza bila kupandishiana sauti.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono wazo la chama chetu kununua kombe, ila kwa masharti. Timu zichanganye vijana wa vijiji mbalimbali, na wasichana wawe na ligi yao. Kila timu ifanye kwanza kazi moja ya kijiji. Na atakayeleta fujo asifukuzwe, bali achezeshe watoto mpaka ajifunze.

Kombe tutachangia wote. Filimbi na vibendera nitanunua mimi. Deni hilo ni langu.