Nuhu na Wana wa Rekabu

Masomo: Mwanzo 9:20-23, Yeremia 35



Tukisikia neno mlevi, wengi twamfikiri kijana aliyeshindikana. Lakini mtu wa kwanza ambaye Biblia yatuambia alilewa ni Nuhu, mzee mcha Mungu, mwenye wana waliokwisha kuoa.

Wataalamu nao wameona kwamba walevi hawalingani. Mwaka 1981 ulitolewa uchunguzi juu ya watu wa Stockholm, nchini Sweden, waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Ulevi wa namna moja huanza mapema, kabla ya miaka 25, mara nyingi pamoja na ugomvi. Nao ulionekana kwa wana wa baba walevi hata walipokuzwa katika nyumba nyingine. Namna ya pili huanza ukubwani, kwa watu wa wasiwasi na wa kujilaumu, na mazingira yao huwasukuma sana. Bila shaka si kila mtu huingia sawasawa katika mafungu hayo.

Basi tutazame kanisani mwetu. Kijana aliyetumwa chang'aa na baba yake tangu darasa la tano, akaionja njiani, twamwita mkaidi na kumfuta katika darasa la kipaimara. Mzee wa kanisa aliyestaafu, akafiwa na mkewe, akaanza kunywa usiku apate usingizi, twamfichia siri. Msiseme mnafuata mfano wa Shemu na Yafethi. Wao waliingia hemani.

Ingieni nanyi. Mwendeeni jioni, saa ya upweke, mle naye chakula. Ikiwa amekunywa sana kwa muda mrefu, mpelekeni kwa daktari kwanza, maana kuacha kwa ghafula kwaweza kuleta kifafa, hata kifo.

Na yule kijana? Yonadabu mwana wa Rekabu aliwakataza wanawe divai, na zaidi ya miaka 200 baadaye uzao wake ulikuwa bado ukishika neno lake. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walitekwa na pombe mara 4 zaidi ya wale waliongoja hadi miaka 21. Akina baba, msimtume mtoto pombe, hata siku ya sherehe ya mahari. Na aliyefutwa, mwandikeni tena.

Sasa tunyamaze kidogo, kila mmoja amtaje mbele za Mungu yule anayemjua.