Betri Inayovuta Hewa

Juma lililopita tuliifungua betri ya tochi. Leo tutazame betri ya zinki na hewa, ile ndogo kama kifungo itiwayo katika vifaa vya watu wasiosikia vizuri. Ina vitundu, na hewa huingilia humo.

Upande mmoja zinki huliwa na kutoa elektroni. Upande wa pili oksijeni huzipokea, lakini huzipokea kwa uzito. Atomi zake mbili zimeshikana sana, na haziachani mpaka zipate elektroni nne. Zikipata mbili tu, hutokea peroksidi, nayo huiharibu betri. Basi anatakiwa mshenga, yaani kichocheo: huwakutanisha wawili, naye haolewi wala haoi.

Platini ni mshenga hodari, lakini bei yake mnaijua. Tena katika punje ya platini, atomi za juu ndizo zinazokutana na hewa. Za ndani zimekaa bure. Je, haiwezekani kila atomi ikae peke yake, ifanye kazi?

Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba kobalti iliyozungukwa na nitrojeni nne, katika dawa ya jamii ya rangi, yaiweza kazi hii. Hata chuma kilichomo damuni mwetu kimezungukwa hivyo hivyo. Wataalamu wa leo huipandikiza atomi ya chuma, na nitrojeni zake nne, ndani ya kaboni.

Njia moja ni hii. Huunda fuwele zenye vyumba vidogo, za zinki, nitrojeni na chuma kidogo, kisha huzichoma pasipo hewa kwa joto la karibu nyuzi 1000. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, ikatoka kama mvuke. Chuma hubaki, kila atomi chumbani mwake. Lakini ole wako ukitia chuma kingi! Atomi hukimbiliana, zikawa vidonge, na kazi yote imepotea.

Tena yako mambo ya majirani. Atomi ikiishika oksijeni kwa nguvu mno, haiiachi, ikilegea, haiipati. Chuma chenye nitrojeni nne mara nyingi hushika kupita kiasi, ndiyo maana huwekewa salfa au metali nyingine karibu ili kimlegeze mkono. Kwangu mimi, hapa ndipo penye ufundi hasa.

Adui aliyebaki ni ile peroksidi: ikikutana na chuma huila kaboni, na atomi hung'oka. Katika maji ya potasi, yaliyomo katika betri hii, chuma hudumu kuliko katika asidi.

Juma lijalo tutaona kwa nini ni vigumu kuirudishia betri hii umeme wake. Kwaherini.