SUMU KATIKA ARDHI YA WOTE
Mada kwa viongozi wa walei, Dodoma



Ndugu wapendwa, uwele na mtama ndio uhai wa nyanda hizi, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Kongwa na Kondoa. Kwelea kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni 2 laweza kumaliza tani 20. Familia iliyoamia shamba tangu alfajiri, na bado ikapoteza chakula cha mwaka, ina haki ya kuililia Serikali. Hatusemi basi kwamba ndege hao waachwe. Tunasema juu ya njia.

Njia iliyozoeleka ni eropleni kunyunyizia fenthioni mahali ndege wanapolala. Mahali hapo aghalabu si shamba la mtu. Ni kichaka cha miiba au ukingo wa bwawa, ardhi ya wote, ambapo mama huokota kuni na kijana hulisha mbuzi. Fenthioni ni sumu ya mishipa ya fahamu, wala haichagui: huua pia bundi, anayemsaidia mkulima kwa kula panya. Naye kwelea aliyekufa kwa sumu, machoni pa mwenye njaa, ni kitoweo. Hapa ndipo haki inapoguswa: anayeumia kwanza ni maskini ambaye hakuambiwa.

Tena tumezoea kuiita "dawa". Dawa huponya, na hakuna aiogopaye. Tuiite sumu, ili watu wajihadhari.

Je, ipo njia nyingine? Ipo, tena ni ya kwetu. Huko Kondoa wategaji huwanasa kwelea kwa vikapu vilivyosukwa kwa nyasi, wakapata kitoweo na fedha. Nyavu nazo zimejaribiwa huko. Ni kweli kwamba kundi kubwa mno hushinda mitego. Lakini kila kundi linalonaswa mapema ni kichaka kimoja kilichoepushwa na sumu.

Mwaka 2015, katika waraka wa Laudato Si', Papa Fransisko alizitaja sumu za kilimo miongoni mwa vitu vinavyochafua nyumba yetu ya pamoja. Nasi twajua kwamba amri ya tano hailindi uhai dhidi ya panga tu.

Kwa hiyo kila Jumuiya Ndogondogo ifanye haya:

1. Imwarifu bwana shamba mapema ndege wanapoanza kukusanyika, na kuomba mitego itangulie sumu.

2. Ikibidi kunyunyizia, idai tangazo litolewe kabla, katika mkutano wa kijiji, kanisani na msikitini, kwa Kigogo na Kirangi pia, likitaja mahali na siku ambazo watu na mifugo wasiingie.

3. Ifundishe kila nyumba kutookota ndege waliokufa, wala kutekea maji kwa madebe ya sumu.

Kuuliza si uasi. Ardhi ni ya wote. Basi wote waambiwe kinachomwagwa juu yake.